Mwaka Magoti ya Ng'ombe Yalipogombewa Kisaka

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba mfupa akauvika nyama, kisha kati ya mfupa na mfupa akaacha nafasi ndogo na kuitia ute, ili mja wake aweze kuinama, kusujudu na kuinuka tena. Namshukuru kwa magoti yaliyonifikisha umri huu. La kulia namshukuru kwa moyo wote, na la kushoto namshukuru kwa kile linachokiweza. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake, na kila aliyewahi kunifundisha jambo la kheri. Baada ya shukrani hizo, nawaomba mnisikilize.

Mwezi uliopita alinitembelea Bhoke, ambaye tulisoma pamoja tukiwa wasichana na ambaye sikuwa nimemwona tangu alipostaafu. Alikuja na basi la kutoka Musoma, akaingia kwangu hapa Tarime akitembea upandeupande kama mtu anayepita kwenye tope, nami nikainuka kumpokea kwa mwendo uleule. Tulikaa kwenye kochi langu la zamani ambalo sponji yake imekwisha, tukanywa chai, tukaulizana habari za walio hai na za waliotangulia. Ilipofika saa ya kuaga, hatukuweza kunyanyuka. Alinishika mkono nikamshika wake, tukavutana, kila mmoja akitegemea kuinuliwa na mwenzake, tukafika nusu, tukarudi kukaa. Hapo Bhoke akasema kwamba laiti tungekuwa bado kule kijijini Kisaka, mwenyeji wetu Mzee Mwita angetuletea goti la ndama tujipake. Tulicheka mpaka jirani akaja kuchungulia kama kuna msiba. Alipoondoka, nilibaki nikiufikiria mwaka ule, nikaona ni haki niuandike kabla na vidole havijaanza kukataa kalamu. Habari za wazazi na ukoo wangu naziacha. Hazina goti ndani yake.

Ulikuwa mwaka ambao watu wa wilaya zetu walikuwa wanatoka katika miji yao ya vilimani, kila mmoja na zizi lake, na kuletwa kwenye vijiji vya ujamaa ambako nyumba zilipangwa kwa mistari. Vijiji vile vilihitaji watu wa kutunza afya, na mimi na Bhoke tulikuwa tunasomea kazi hiyo katika kituo kidogo cha mafunzo pale Tarime: majengo mawili ya bati na jiko la kuni lililopeleka moshi wake darasani kila upepo ulipogeuka. Tulilala chumba kimoja. Bhoke alikuwa Mkurya, Mkristo, mwimbaji wa kwaya, na alfajiri aliimba nyimbo za kanisani akiosha uso kwenye beseni wakati mimi namalizia uradi wangu kwenye mkeka. Katika miezi yote ile hatukugombana juu ya dini hata mara moja. Tuligombana juu ya dirisha, maana yeye alilitaka wazi na mimi nililitaka limefungwa, na katika hilo hakuna kitabu kilichotusaidia.

Mwalimu wetu wa mwili wa binadamu aliitwa Zakaria, mtu mwembamba aliyependa viungo kuliko sehemu nyingine zote za mwili. Moyo aliufundisha kwa asubuhi moja, ini akalipita njiani, lakini alipofika kwenye viungo alikaa huko majuma kadhaa. Kituo hakikuwa na mifupa ya kufundishia, kwa hiyo Mwalimu alikwenda kwenye bucha la sokoni, akarudi na mguu mzima wa nyuma wa fahali begani, akaulaza juu ya meza ya darasa. Alitukatia goti taratibu kama mtu anayefungua zawadi. Kwanza kano, zile kamba ngumu nyeupe zinazofunga mfupa huu na ule. Kisha kifuko kinachokizunguka kiungo chote kama mfuko wa ngozi uliofungwa mdomo. Alipokitoboa kile kifuko ukatoka ute mzito, mwangavu, unaovutika kama ute wa yai, akauweka kati ya kidole chake na kidole chetu, mmoja mmoja, tuone unavyoteleza. Ndani kabisa, kwenye vichwa vya mifupa, kulikuwa na gegedu, laini na yenye kung'aa kama upande wa ndani wa kombe. Akasema huo ute ndio unaozuia mfupa usisagane na mfupa, na ndio unaoilisha hiyo gegedu, kwa sababu gegedu haina mishipa ya damu ya kuilisha. Akatuonyesha kwamba goti hufunguka na kujifunga kama mlango kwenye bawaba, lakini nyonga huzunguka kama mchi ndani ya kinu. Halafu akatuambia jambo lililotushangaza wote: lile tunaloliita goti la mbele la ng'ombe si goti, ni kifundo cha mkono wake, na mnyama yule maskini hutembea maisha yake yote juu ya ncha za vidole. Baada ya somo mguu ule ulipelekwa jikoni, ndiyo maana somo la viungo halikuwahi kukosa mtu.

Mimi somo lile lilinishika kupita kiasi. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwa maalimu wa Kurani, tangu nikiwa mdogo, kwamba kila kiungo cha mwanadamu kinapaswa kutolewa sadaka kila siku jua linapochomoza, na sasa nilikuwa nimekiona kwa macho yangu kile ninachopaswa kukitolea. Ulipofika mtihani wa mdomo, Mwalimu Zakaria aliniuliza kazi ya ute wa kiungo. Nikaanza kwa kumtukuza Muumba. Nikaendelea. Nikaeleza hekima ya kuweka ute mahali pasipoonekana, na jinsi mwanadamu anavyotembea juu ya neema asiyoijua, na nilikuwa nimefika kwenye shukrani wakati alipogonga meza kwa penseli.

"Mungu nimempa maksi zake zote, Mwanaidi," alisema. "Sasa wewe nikupe zipi?"

Darasa lilicheka, nami nikalia baadaye, dirisha likiwa limefungwa kwa mara ya kwanza bila ubishi. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisema atanipa nafasi nyingine. Sote tulikuwa tunapelekwa vijijini kwa mazoezi, kila mmoja na somo lake la kuwafundisha watu: mmoja choo, mwingine maji ya kuchemsha, mwingine mbu. Mimi nilipewa viungo. Kabla ya mavuno angekuja mwenyewe na kuwauliza wanakijiji, wala si mimi. Wakijua, nimefaulu, wasipojua, nirudi nyumbani. Na nyumbani cherehani ilikuwa imekwisha kutiwa mafuta kunisubiri, pamoja na rundo la sare za shule ambazo hazikuwa na mwisho.

Tulipelekwa Kisaka, mimi na Bhoke, kwa sababu mimi sikujua kilugha na yeye alihitajika kunitafsiria. Kikurya chake na lugha ya pale vilikaribiana kiasi cha kusikilizana, na palipotofautiana watu walimcheka kwa upole. Tulipangiwa kwa Mzee Mwita, mkuu wa wazee wa kijiji, mrefu, mwenye blanketi jekundu lililopauka, ambaye hakuwa amekubali bado kwamba amehama. Nyumba yake mpya ilikuwa kwenye mstari wa pili, yenye namba mlangoni, na kila asubuhi aliitazama ile namba kana kwamba ni mtu aliyesimama pale bila kubisha hodi. Sisi tulimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba, na baada ya hapo Kiswahili chake kikawa kimekwisha. Kila nililosema alimgeukia Bhoke asubiri tafsiri. Bhoke alimwita tata, kama baba yake, na alimweleza kila kitu kwa sauti ya kubembeleza.

Nyumba zile zilijengwa kwa haraka, kuta za ndani zikaishia usawa wa kichwa, juu yake pakabaki wazi mpaka kwenye nyasi za paa. Kwa hiyo chumba chetu na chumba cha Mzee Mwita na mkewe mkubwa, Bibi Gati, vilikuwa na hewa moja na maneno mamoja. Jioni tulipokuwa tunachambua mboga tuliwasikia wakizungumza upande wa pili, Bhoke akininong'onezea tafsiri, mzee akilalamika kuhusu magoti yake, mkewe akimwambia kwamba magoti yanayopanda kilima kufuata pombe yanashuka nayo bila kulalamika. Tulikula ugali wa mtama na muhogo, mlenda, maziwa ya mgando, na siku nyingine dagaa wa kutoka ziwani. Nyama yao sikula kwa sababu hapakuwa na mtu wa dini yangu wa kuchinja, na jambo hilo lilimsikitisha sana Bibi Gati, akawa ananiongezea maziwa kila ng'ombe alipochinjwa, kama mtu anayempa pole mfiwa. Yeye mwenyewe alikuwa na fungu lake. Pale kijijini ng'ombe hakukatwa ovyo. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe tangu mababu. Nundu ilikuwa ya hawa, ulimi wa wale, kifua cha wajomba, na magoti pamoja na miguu yalikuwa ya akina bibi, wanawake waliokwisha kuacha kuzaa. Hakuna mwanamume aliyewahi kuyatamani. Akina bibi waliyachemsha kutwa nzima, wakakaa kuzunguka chungu wakinyonya mifupa na kuwasema watu, na hayo, Bhoke aliniambia, ndiyo yalikuwa malipo yao ya uzee.

Somo langu nililitoa ndani ya ghala la kijiji lililokuwa halijapata mahindi. Fahali alikuwa amechinjwa siku hiyo kwa ajili ya kazi ya shamba la pamoja, na Bibi Gati alikubali kuniazima goti moja la fungu lake kwa masharti kwamba nilirudishe lote. Watu walijaa. Nililifungua kama Mwalimu Zakaria alivyofanya, nikawaonyesha kano, kifuko, gegedu, nikawapa ute waushike, nikawaambia habari ya mlango na bawaba, na ya mchi na kinu. Nilipowaeleza kwamba goti la mbele ni kifundo cha mkono, wachungaji waliguna kwa muda mrefu na mmoja akatoka nje kwenda kumtazama ng'ombe wake upya. Kisha nikaeleza maradhi. Nikasema mtu akizeeka gegedu hulika, ute nao hupungua uzuri, ndiyo maana magoti ya wazee hulia wanapoinuka. Nikasema dawa ya kiungo ni kukitumia bila kukitesa, kupumzika kikivimba, na kuja zahanati kikiwa cha moto. Bhoke alitafsiri vizuri, neno kwa neno. Mpaka leo namtolea ushahidi.

Mzee Mwita aliinuka, magoti yakalia, watu wote wakayasikia, naye akawaacha wayasikie. Akauliza swali moja kupitia kwa Bhoke. Huyu fahali, alikuwa kijana? Nikasema ndiyo, alikuwa kijana. Basi ute wake ulikuwa bado mzima? Nikasema ulikuwa mzima kabisa, kama mnavyouona. Akashukuru akaketi. Wazee wengine walitikisa vichwa pole pole kukubali, na mimi nikaona somo limeingia. Nilikwenda kuswali adhuhuri nikiwa na furaha ya mtu aliyeokoka na cherehani.

Goti la Bibi Gati halikurudi. Nililiacha juu ya gunia nikanawe mikono, na niliporudi halikuwepo, na Mzee Mwita naye hakuwepo. Jioni ile tulisikia juu ya ukuta Bibi Gati akiuliza kitu gani kinang'aa kwenye magoti ya mume wake, na blanketi likivutwa upesi. Baada ya siku chache kijiji kizima kilikuwa kimefikia hesabu ileile, na hesabu yenyewe, nikiri, haikuwa ya kijinga. Taa ikiishiwa mafuta huongezwa mafuta. Goti la mzee limeishiwa, goti la fahali limejaa. Wenye subira walijipaka ute kwa nje na kukaa juani ili uingie. Wasio na subira walikunywa supu ya magoti ili uingie kwa ndani. Mzee Mwita alifanya yote mawili. Mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba na Bhoke nikieleza kwamba ngozi haipitishi ute, na kwamba tumbo halijui njia ya kwenda kwenye goti, nao walinisikiliza kwa adabu na vidole vinavyonata.

Sasa kila ng'ombe aliyechinjwa aliwakuta wazee wamekwisha kufika. Akina bibi walikuja na vyungu vyao wakakuta magoti yamekwenda. Ugomvi ukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kijana mwenye kaunda suti, mwenye bidii, aliyependa mambo yawe ya haki. Aliitisha mkutano akatamka kwamba katika kijiji cha ujamaa hakuna goti la mtu binafsi. Kuanzia siku ile magoti yote yatakuwa mali ya kijiji na yatagawiwa kufuatana na mahitaji. Wenye maumivu ya magoti wapewe ya nyuma. Na kwa kuwa binti wa zahanati alisema ya mbele ni vifundo vya mikono, hayo wapewe wenye maumivu ya mikono. Kwa agizo hilo wapiga soga wote wa pale waligundua kwamba mikono yao inauma. Akina bibi hawakupewa kitu, maana walipoulizwa ugonjwa wao ni nini walisema hawaumwi, wanataka fungu lao, na sababu hiyo haikuwa kwenye mpango wa mwenyekiti. Wakarudi na vyungu vitupu, wakakaa mbele ya nyumba zao kwenye mstari, kimya. Kimya cha akina bibi wale, wallahi, kilikuwa kizito kuliko matusi. Bibi Gati aliendelea kunipa maziwa, lakini aliyaweka chini pole pole bila kunitazama.

Mimi nilikonda. Kila nilipoinama kusali niliwaza siku ya Mwalimu Zakaria kufika, na kila nilipoinuka nilimkuta Mzee Mwita mlangoni akinitazama kwa makini. Siku moja alimwambia Bhoke aniulize kama watu wa dini yangu huwa tunasali hivyo ili kuzungusha ute. Nikasema hapana, tunasali kwa sababu tumeamrishwa, ingawa ni kweli kiungo kinachotumika hakikauki upesi. Akafikiri, akasema kupitia kwa Bhoke kwamba kazi ile ni ya watu wenye subira, yeye ataendelea na supu. Na supu ile, mnajua, haikunywewa peke yake. Pombe ya mtama ilikuwa karibu nayo kila wakati, na nyama ya mguu iliyobaki kwenye mifupa haikutupwa.

Taarifa ikaja kwamba Mwalimu angefika kesho yake. Asubuhi ile ile ya taarifa Mzee Mwita hakutoka. Bibi Gati alituita, tukamkuta amelala na mguu nje ya blanketi, kidole gumba kimevimba, chekundu, kinang'aa kama nyanya iliyoiva, na cha moto hata bila kukigusa. Nzi alitua juu yake, na mtu yule aliyewahi, kwa maelezo ya watu, kupambana na fisi kwa fimbo, alifumba macho na kuita jina la mama yake. Alipopata pumzi akamwambia Bhoke maneno machache, na Bhoke akanitafsiria huku akijiuma mdomo.

"Anasema ulimwambia mafuta ya goti lake hayatoshi. Sasa yamezidi. Yamejaa gotini yakashuka mpaka kidoleni."

Sikucheka, niliogopa. Nilikuwa nakumbuka somo la mwisho la Mwalimu kuhusu viungo, lile tulilolisikiliza kwa pua moja kwa sababu nyama ilikuwa inanukia jikoni. Alisema upo ugonjwa uitwao jongo. Nyama nyingi na pombe nyingi huacha mwilini uchafu ambao kwa kawaida huondoka na mkojo. Ukizidi, huganda ndani ya kiungo ukawa chembe ndogo zenye ncha, kama mchanga wa sindano, na hupenda zaidi kidole gumba cha mguu. Nilikitazama kile kidole na kukitambua kama mtu anayetambua uso aliosimuliwa. Ute wa fahali haukuwa umeingia popote. Supu na pombe ndivyo vilivyofika. Lakini kumwambia mkuu wa wazee, ndani ya nyumba yake, mimi mgeni ninayekula ugali wake, aache nyama na aache pombe! Nilimwomba Bhoke amwambie.

"Hilo mimi simwambii tata," Bhoke alisema. "Mwambie mwenyewe. Kwa Kiswahili."

Basi nikamwambia yaliyo mepesi tu, kwamba ainue mguu juu ya mto, anywe maji mengi, apumzike. Yaliyo mazito nikayameza.

Mwalimu Zakaria alifika na landrova ya wilaya, akala, akasifu maziwa, akaingia ghalani. Kijiji chote kilikuwepo. Mzee Mwita alikataa kubaki. Alibebwa kwenye kiti na wanaume wanne, mguu umenyooshwa mbele kama pua ya ndege, akawekwa mstari wa kwanza. Mwalimu akaanza kuuliza, na hapo moyo wangu ulipanda, kwa sababu walijibu vizuri kuliko darasa letu la Tarime. Walikuwa wamefungua magoti mengi kuliko mwanafunzi yeyote. Walizijua kano kwa mkono, waliujua unene wa kifuko, mchungaji mmoja alieleza tofauti ya bawaba na kinu kwa kutumia bega lake na la jirani yake, na mwingine akaongeza kwa upole kwamba ng'ombe hutembea juu ya vidole, kama Mwalimu alikuwa hajui. Mwalimu alinigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona kwake. Nadhani ndio uso aliouweka akiba kwa ajili ya viungo peke yake. Kisha akauliza swali la mwisho. Mtu akiumwa na viungo, afanye nini?

Mzee mmoja akatoa kikopo mfukoni, akakifungua. Ule ute, uliokwisha kuchacha, ulijitangaza ghalani kote. Mwalimu alinusa, akatazama kikopo, akayatazama magoti yanayong'aa mstari mzima wa mbele, akanitazama mimi. Niliiona cherehani waziwazi, na kitambaa cha sare kimekwisha kuwekwa chini ya sindano.

Kabla sijafungua mdomo, Bibi Gati alisimama kati ya akina bibi wenzake. Hakumtazama Mwalimu, aliwatazama wazee, akasema kwa lugha yao, na Bhoke akatafsiri kwa sauti mpaka nje kusikike.

"Magoti ya ng'ombe tumeyala sisi. Mama zetu waliyala, na sisi tumeyala tangu tulipoacha kuzaa. Kama mafuta ya ng'ombe yanaingia kwenye goti la mtu, mbona sisi hatukimbii?" Akaanza kutembea kwenda mbele ya ghala, na akina bibi wote wakainuka wakamfuata, na magoti yao yalilia kama milango ya zizi zima inafunguliwa kwa pamoja. Wakafika mbele, wakageuka, wakarudi kukaa, na milango ikalia tena.

Kisha mchungaji mmoja nyuma akaanza kucheka, akafuatiwa na wengine, na mwisho hata mwenyekiti alilegeza kola ya kaunda suti. Yule mwenye kikopo alikifunika. Mwalimu Zakaria alifuta macho, lakini hakuwa amemaliza na mimi. Akakielekea kidole cha Mzee Mwita, akakiinamia bila kukigusa, akaniuliza mbele ya watu wote ni ugonjwa gani na mgonjwa afanye nini. Nikasema ni jongo. Nikaeleza zile chembe kama mchanga wa sindano, na zinatoka wapi. Halafu nikamwangalia Bhoke, na Bhoke akaangalia paa. Nikasema Bismillahi moyoni, nikamgeukia mzee mwenyewe, nikamwomba radhi kwa kuwa ni baba yangu na nimekula kwake, kisha nikamwambia kwa Kiswahili kwamba dawa ya kwanza ni kuacha supu, kupunguza nyama, na kuacha pombe.

Mzee Mwita hakumgeukia Bhoke. Alinitazama mimi, kisha akamtazama Mwalimu, na Kiswahili kikamtoka kizuri, kilichonyooka, Kiswahili alichokuwa nacho miezi yote ile tukimtafsiria chumvi na maji.

"Mwalimu," alisema, "mpe huyu mtoto cheti chake aondoke leo leo, kabla hajanikataza na tumbaku."

Nikafaulu hivyo, kwa ombi la mgonjwa. Nilitumika kwenye zahanati za wilaya hizi miaka mingi, kwa uwezo wake Yeye asiyechoka, na sikumwona tena mtu mzima anayenena ukweli wa moyo wake wazi kama mzee yule. Mwenyezi Mungu amrehemu pamoja na Bibi Gati, awape makao yasiyo na kilima. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulainishie kila kiungo alichokupa, akupe kuinama bila kilio na kuinuka bila kushikwa mkono, na siku magoti yatakapokataa, akujaalie karibu nawe mtu wa kucheka naye mkiwa mmekaa. Amina.